Anayekimbia Akiwa Amelala

Kosa langu la kijinga kuliko yote nililifanya nikiwa nimekaa kitako, saa mkononi, penseli sikioni, daftari gotini. Tangu ng'ombe walipotoka zizini mpaka jua lilipokaribia utosini, nilihesabu pumzi za mdogo wangu aliyekuwa amelala mkekani, na kadiri hesabu ilivyopanda ndivyo nilivyozidi kufurahi. Nilikuwa na nadharia yangu, bwana, na niliona inatimia mbele ya macho yangu. Kwamba yule aliyekuwa akiitimiza alikuwa anakufa, hilo sikuliona. Halikuwemo katika baiolojia ya kidato cha tatu.

Nijieleze kidogo, maana mtu akikiri hivi wasomaji humdhania katili. Sikuwa katili. Nilikuwa mtu wa kukaa nyumbani aliyesoma kidogo, na hao wawili wakikutana katika mwili mmoja ni hatari tosha. Vijana wa rika langu walikwenda Geita kutafuta dhahabu. Mimi nilikwenda sekondari kwa kusukumwa, nikarudi na cheti cha kidato cha nne, na tangu siku hiyo sikuona sababu ya kuondoka tena. Nimehama mara moja tu maishani mwangu, katikati ya miaka ya sabini, na hata hapo nilihamishwa na serikali, tulipotolewa mashambani tukapangwa mstari mmoja katika kijiji kipya upande wa Samuye, mkoani Shinyanga. Wenzangu walililia malisho na makaburi ya wazee wao. Mimi nililia kwa sababu ilinibidi kutembea.

Kijiji kipya kilinipa jirani. Zamani, kutoka kaya moja hadi nyingine uliweza kumaliza wimbo mzima njiani. Sasa kati ya mlango wangu na wa jirani palikuwa na hatua thelathini, nami nilizihesabu, kama nilivyohesabu kila kitu. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno. Hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Kidato. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mayu," yaani mama, naye akaitika, "Marahaba, Kidato. Leo utatoka, au jua likufuate humo ndani?" Kijiji kizima kikalichukua jina hilo, hata mama yangu mzazi.

Mdogo wangu alikuwa kinyume changu. Tulilala tumbo moja, lakini nadhani yeye alilala upande wa mlangoni. Alikwenda Geita misimu miwili, akashuka mashimoni, akarudi mvua zilipokaribia kwa sababu hakuweza kukosa msimu wa kulima. Aliniletea saa ya mkononi, yenye mshale mwembamba wa sekunde. Aliniambia ameinunua ili niweze kujua kwa hakika nimekaa muda gani bila kufanya lolote.

Lazima nieleze tulivyolima, maana kosa langu lilizaliwa hapo. Kwetu vijana hulima kwa vikundi na kwa ngoma, bugobogobo, majembe yakipanda na kushuka pamoja kama miguu ya mdudu mmoja mkubwa. Vikundi viwili huingia shamba moja, kila kimoja na upande wake, na kushindana hadi mwisho wa matuta. Mtu akiacha tuta katikati, waimbaji hawamsemi. Wanamwimba. Na wimbo huo atausikia kisimani, mnadani na kwenye harusi ya dada yake.

Mimi sikulima katika mashindano hayo, kwa huruma ya wote. Nilikaa kwenye kingo na saa yangu. Ndipo nikabuni jambo. Walipomaliza matuta na kujitupa chini, nilipita na kuhesabu kila mmoja anahema mara ngapi kwa dakika. Kisha kibuyu cha maji kilianza kuzunguka, na kilipofika mwisho nilihesabu tena. Aliyerudi haraka kwenye pumzi za kawaida nilimwandikia alama. Mwanzoni walinicheka, wakisema Kidato amekosa cha kuhesabu sasa anahesabu upepo. Lakini vijana hupenda chochote chenye mshindi, na kufikia msimu wa pili hakuna kikundi kilichokubali kuondoka shambani kabla sijasoma daftari.

Na mimi, kwa vile waliniuliza, niliwahubiria. Niliwaambia kwamba misuli ikifanya kazi kuliko hewa inayoletewa, hupika nguvu bila hewa, na majivu ya mapishi hayo ni asidi, ile ile inayochachusha maziwa ndani ya kibuyu. Damu inakuwa chachu. Mwili hautaki uchachu, kwa hiyo unahema kwa nguvu kuupunguza. Ukipumzika, unaisha. Jirani yangu, aliyechachusha maziwa tangu kabla sijazaliwa, alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza kama basi damu ya mtu nayo unaweza kuitikisa ukapata samli. Watu walicheka wiki nzima. Lakini nililolisema lilikuwa kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo. Ningekuwa nimesema uongo, nisingejiamini vile.

Jumatatu moja, mvua zikiwa zimelainisha udongo, mdogo wangu alilima katika tuta la mwisho bega kwa bega na mshindani wake. Jembe lilimteleza likamkata mguuni, kati ya kidole gumba na cha pili. Niliiona damu. Shamba lile lilikuwa zizi mwaka uliotangulia, udongo wake mweusi, umeshiba samadi, ndiyo maana walilipigania. Hakusimama. Alibandika tonge la udongo ule ule juu ya jeraha, akakanyaga, akamaliza tuta, akashinda. Pumzi zake nilizihesabu arobaini na moja. Kibuyu hakijafika nusu ya mzunguko alikuwa amerudi kumi na nane. Sijawahi kuandika kitu kama hicho. Nilikipigia mstari mara mbili.

Jumanne alichechemea. Jumatano mguu ulivimba, akafungwa kitambaa chenye majani aliyoyachuma mama, akasema maumivu yamepungua. Asubuhi ya Alhamisi nilimkuta amelala mkekani barazani, na nilichokiona kwanza kilikuwa kifua chake.

Kilipanda na kushuka kama siku ya mashindano. Si kule kuhema kwa juu juu kwa mwenye homa, la. Pumzi zilikuwa ndefu, za kina, za mtu anayetoka mbio. Nilimgusa kipaji, hakikuwa na moto. Hilo lilinifurahisha sana. Nilimuuliza hali, akajibu vizuri kabisa kwamba hali yake ni njema ila nimemzibia jua kwa kichwa changu kikubwa. Nikaleta saa. Thelathini na nne.

Mama alisimama mlangoni akasema mtoto huyu hapumui vizuri, apelekwe hospitali. Nami, mtoto wake msomi, nilimketisha nikamweleza. Nilimwambia mtu aliyelima vile Jumatatu lazima amejaza asidi nyingi, na kwa kuwa mguu umevimba amelala bila kunyoosha misuli, kwa hiyo asidi ilikwama, sasa ndiyo inatoka. Kuhema ni dalili ya kutoka. Mama alitazama kile kifua, akanitazama mimi, akatazama saa. Ilikuwa saa nzuri. Akarudi jikoni.

Niliandika thelathini na sita. Baadaye thelathini na sita tena. Baadaye thelathini na nane. Inatoka, nilijiambia, inatoka kwa kasi.

Jirani aliingia kuleta maziwa. Hakunisalimu. Aliweka kibuyu chini, akasimama juu ya mdogo wangu kwa muda mrefu, kama wanavyosimama wafugaji juu ya ng'ombe asiyeinuka.

"Anahema kama ndama aliyekimbizwa na fisi," alisema. "Fisi yuko wapi?"

Nilianza kumweleza. Hakunipinga. Aliinama akaweka kiganja kwenye goti la mdogo wangu, akakipandisha pajani, akakihamishia kwenye goti la pili. Kisha akaniambia nishike mwenyewe. Nilishika. Goti lilikuwa baridi kama mtungi, na hiyo ilikuwa saa tano ya asubuhi, jua la Januari kwetu, hata mawe yana homa. Nilisema hiyo ni kwa sababu amelala kivulini.

Kuna jambo jingine nililoliona na sikuliandika, kwa kuwa halikuwa namba. Mdogo wangu alikuwa mtani tangu utoto, hakuacha neno lipite bila kulifunga kengele. Asubuhi ile alinitania kwa sentensi nzima. Baada ya kunywa uji alinitania kwa nusu sentensi, akakata, akavuta pumzi, akamalizia. Jirani alipokuja, alikuwa anatumia neno moja moja, na kati ya neno na neno kulikuwa na pumzi mbili. Nilipomuuliza mara ya mwisho kama anajisikia nafuu, aliniambia, "Hesabu." Nikacheka. Niliona ni utani. Leo sijui kama ulikuwa.

Jirani alitoka. Nilidhani nimemshinda kwa hoja. Baada ya muda nikasikia minyororo, nikachungulia, nikaona amefunga ng'ombe wake wawili kwenye mkokoteni mwenyewe, na anauleta kinyumenyume kwenye baraza yetu, akiwasemesha wale ng'ombe kwa upole ambao sijawahi kuusikia akiutumia kwa binadamu. Aliingia, akamshika mdogo wangu makwapani, akamwambia mama ashike miguu. Mimi nilibaki na daftari. Aliponipita alisema ama nipande ama nisogee.

Nilipanda, nikakaa kando ya mama. Nikumbushe kwamba sikuwa nimetoka kijijini mwaka mzima. Naona haya kusema, lakini katikati ya hofu ile iliyokuwa inaanza, sehemu ya moyo wangu ilikuwa inanung'unika kwamba sikuchukua hata kofia.

Barabara kuu ilikuwa mbali kwa mwendo wa ng'ombe. Mkokoteni ulirusha kila kitu, lakini mdogo wangu hakulalamika, na hilo ndilo lililoanza kunitia baridi. Mtu mwenye mguu uliovimba hurushwa namna ile asiguse mguu wake? Nilimtazama. Macho yalikuwa wazi, yametulia mahali fulani juu ya kichwa changu. Kifua tu ndicho kilichokuwa kinafanya kazi, kwa bidii, peke yake, kama kijana aliyeachiwa shamba zima. Nilitoa saa. Jirani, bila kugeuka, alisema nikiitoa tena ataitupa kichakani. Sijui aliionaje, kwa kuwa alikuwa ametugeuzia mgongo.

Tulipata lori la chumvi barabarani, jirani akarudi na ng'ombe wake, nasi tukafika hospitali mjini Shinyanga alasiri. Muuguzi kijana, mwenye adabu, alimfunga mdogo wangu mpira wa presha mkononi, akapuliza, akasikiliza, akasema presha ni nzuri. Nilipumua. Nilimgeukia mama nikamwambia, umesikia? Presha ni nzuri. Nakumbuka kabisa nilivyojisikia: kama mtu aliyeshinda kesi. Nilikuwa tayari nafikiria lori la kurudi.

Ndipo akaja tabibu. Hakuwa daktari kwa cheti, lakini wodi nzima ilimwita daktari, na hata daktari mwenyewe nilimsikia akimwita hivyo siku iliyofuata. Mzee mfupi, viatu vimelika visigino. Hakugusa mpira wa presha. Alisimama miguuni pa kitanda akatazama kifua kwa muda, mikono nyuma. Kisha akashika magoti, moja baada ya jingine. Akabonyeza ukucha wa kidole gumba cha mkono mpaka ukawa mweupe, akaachia. Nilihesabu. Ndiyo, hata hapo nilihesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, ndipo wekundu ulipoanza kurudi, polepole, kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.

Alimuuliza mama mara ya mwisho kukojoa ni lini. Mama alisema jana. Kisha akaniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa na daftari, mtu huyu alifanya kazi lini mara ya mwisho. Nikasema Jumatatu. Akanyoosha mkono nikampa daftari, kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe. Alisoma ukurasa wa Alhamisi, akarudi nyuma, akakuta ule mstari niliopiga mara mbili.

"Hii umeandika wewe? Kutoka arobaini na moja hadi kumi na nane, kibuyu hakijafika nusu?"

Nikasema ndiyo.

"Basi Jumatatu alikimbia, akapumzika, akapona kabla hujameza mate. Leo Alhamisi, amelala tangu asubuhi, na umeandika mwenyewe kwamba anazidi kukimbia. Anakimbia kwenda wapi, mwalimu?"

Nilimwambia mimi si mwalimu.

Swali lilikuwa lile lile la jirani yangu. Tofauti ni kwamba hili lilivaa koti jeupe, na ndiyo maana nililisikia.

Aliwatuma wauguzi wawili kwa wakati mmoja, mmoja alete dripu, mwingine penisilini. Akafungua kitambaa cha mguuni, na harufu iliyotoka ilimfanya mama arudi nyuma mpaka ukutani. Tabibu alipitisha kidole juu ya ngozi kuelekea kifundoni, taratibu, akainamisha sikio. Nilikuwa karibu, nikasikia pia: chini ya ngozi kulikuwa na mlio mdogo, kama kukanyaga majani makavu kwa mbali. Alisimama akafuta kidole, akamwambia mtu akamtafute daktari wa upasuaji popote alipo.

Wakati dripu inaanza kushuka alinieleza, nadhani kwa sababu aliniona nimebaki na daftari kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Alisema nadharia yangu haikuwa na kosa. Asidi ni hiyo hiyo. Ila mkulima huitengeneza kwenye misuli, akikaa chini ini lake linaifagia, na kufumba na kufumbua ameshakuwa mzima. Huyu hajainua hata kijiko. Sumu ya jeraha imeingia kwenye damu, mishipa imelegea, damu haifiki inakotakiwa, na sasa mwili mzima, mpaka kope za macho, unapika bila hewa kama vile unalima. Hawezi kukaa chini apumzike, kwa sababu tayari amelala. Nikamuuliza, mbona presha ni nzuri? Akasema moyo wa kijana ni mtumishi mwaminifu mno. Utasukuma na kubana mishipa na kuficha aibu ya nyumba mpaka dakika ya mwisho, na siku presha itakaposema ukweli, utakuwa umechelewa kuusikia. Uchachu wa damu ndio unaosema mapema.

Nilimuuliza kama wanaweza kuupima. Alicheka kidogo, bila furaha. Alisema amesikia kwamba kwenye hospitali kubwa za nje huchukua damu, huitia kwenye barafu na kukimbia nayo maabara kabla haijachacha yenyewe ndani ya chupa. Hapa barafu pekee anayoijua iko kwenye sanduku la soda dukani mtaa wa sokoni. Kwa hiyo yeye hupima kwa magoti, ukucha, mkojo na kifua. Kisha akanirudishia daftari. "Umejua kuhesabu," alisema. "Hesabu. Lakini safari hii niletee."

Nikahesabu. Arobaini. Chupa ya kwanza ya maji ilipokwisha, thelathini na nane. Nilimkimbilia kwenye varanda na namba yangu. Aliniambia namba moja ni uvumi, nimletee tatu zinazofuatana kwenda chini ndipo atanywa chai. Nilirudi. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Usiku huo sitausimulia, hakuna cha kusimulia, nilikuwa na saa na kifua. Kulipopambazuka ilikuwa arobaini na mbili, ukucha ulichukua sekunde sita kurudi, na presha, ile presha nzuri, ilikuwa imeanza kushuka.

Tabibu na daktari walisimama mlangoni wakaongea kwa sauti ya chini. Nilisikia tabibu akisema mguu ndio unaochachusha, ukiachwa utachachusha mtu mzima. Kisha wakaja kwangu, kwa kuwa ndimi mkubwa na baba yetu hakuwepo duniani. Walitaka kuukata chini ya goti, asubuhi ile ile. Hawakuahidi kitu. Daktari aliniambia kwamba kama angeletwa asubuhi ya jana huenda wangepasua na kuosha tu, wakatoa kidole kimoja au viwili. Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Nilimwendea mdogo wangu kumwambia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Alinitazama, akahema, akasema, "Tuta," akahema mara tatu, "halijaisha?" Nikamwambia bado. Akafumba macho. Nikaweka dole gumba langu kwenye karatasi badala ya sahihi, mimi mwenye cheti, kwa kuwa mkono ulikataa kushika kalamu.

Walimtoa chumba cha upasuaji jua likiwa utosini. Nilihesabu nikiwa nimesimama. Thelathini na sita. Nikakaa. Baada ya muda, thelathini na mbili. Sikwenda kokote. Ishirini na nane. Nilipomkabidhi tabibu zile tatu alikwenda kugusa magoti, na mimi nikagusa baada yake. Lile la kushoto, lililobaki na mguu, lilikuwa limeanza kuwa vuguvugu. La kulia lilikuwa limefungwa bandeji. Alikwenda kunywa chai.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimekaa hapa hapa. Siku hizi nasikia kuna kijimashine kinachotosha kiganjani: unatoboa kidole, unaweka tone, kabla hujafunga kifungo cha shati kinakuambia damu imechacha kiasi gani. Na kwamba hawaridhiki na kipimo kimoja, hupima tena baada ya saa chache kuona kama kinashuka, na kisiposhuka huanza kutafuta upya ni nini kinachoendelea kuchachusha. Nilipoambiwa hivyo nilimkumbuka tabibu na namba zake tatu. Nilikumbuka pia kwamba mimi nilipima mara nne asubuhi ile, hakuna kipimo hata kimoja kilichoshuka, na nikavipigia makofi.

Tulirudi kijijini mvua zikiwa zinakwisha. Mdogo wangu alishuka kwenye mkokoteni kwa magongo mawili, akatazama baraza, mkeka, na kigoda changu kilichokuwa pale pale, akasema sasa nyumba ina watu wawili wa kukaa nyumbani na yeye ndiye mwenye sababu. Watu walicheka kwa hofu kwanza, kisha kwa kweli. Hakurudi Geita. Msimu uliofuata walimpa ngoma, na vikundi vikalima kwa mapigo yake. Mimi sikuhesabu tena pumzi za mtu shambani, ingawa waliniomba. Saa niliivua nikaitundika ukutani. Iliendelea kutembea, mbaya zaidi, kwa usahihi.

Jioni ile ya kurudi watu walijaa kutoa pole, nasi tulikaa barazani, jirani akiwa amekuja na kibuyu cha maziwa. Wageni waliuliza ilikuwaje, mtu azidiwe na kidonda cha kidole. Na mimi, nisiyekoma, nikakohoa, nikasogeza kigoda, nikaanza. Niliwaambia asidi ni hiyo hiyo, ila mkulima akikaa chini inafagiwa, na mgonjwa hawezi kukaa chini kwa kuwa amelala. Nilieleza vizuri, nadhani sijawahi kueleza vizuri vile. Mama aliinamisha kichwa. Mdogo wangu alikuwa anatazama mahali ambapo mguu wake ungekuwa.

Jirani alimimina maziwa kwenye bakuli, akampa yeye kwanza, akapangusa mdomo wa kibuyu kwa kiganja. Kisha akanigeukia, bila hasira yoyote, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba mvua imeingia ndani.

"Kidato," alisema, "ungekuwa mjinga kama sisi, mguu wa mdogo wako ungekuwepo."